Kibuyu Kwanza, Maziwa Baadaye

Kwetu Tanga maziwa huganda. Unaingia mgahawani unaomba mgando, au mtindi kama umekulia mikononi mwa bibi, na mtu anakuletea glasi na kopo la sukari. Kenya maziwa hulala. Pakiti zao zimeandikwa "mala", na miaka yote nilidhani ni jina la kampuni, mpaka nilipoambiwa kuwa ni "maziwa lala" yaliyokatwa mikia. Nililipenda jina hilo kuliko letu. Maziwa yanafunikwa kama mtoto, yanaachwa kimya, yakiamka yana tabia nyingine.

Safari ilianzia kwenye ubishi. Nilisoma Morogoro na binti mmoja wa Kikeiyo, Mkalenjin wa Kenya, aliyekuwa akinichokoza kila tulipokaa mezani kwamba maziwa ya Tanga ni maji yaliyonuna. Nikamjibu kwamba watu wanaokula majivu hawana haki ya kuhukumu maziwa ya mtu. Miaka imepita, yeye ameolewa karibu na Iten, anafuga, anatengeneza yogati na kuiuza, na kila mwaka ananiambia njoo uyaonje hayo majivu. Mwaka huu nikaenda.

Toka Nakuru barabara inapanda bila kuchoka. Unavuka Ikweta karibu na Timboroa, mahali ambapo mtu wa pwani angetarajia joto la kuunguza, kumbe abiria wote wamefunga zipu za makoti hadi kidevuni. Kando ya barabara wanauza viazi na karoti kwenye ndoo zilizojazwa mpaka zikafanya kilima. Baada ya Eldoret unapanda tena, na Iten inakupokea ukiwa mita kama 2,400 juu ya bahari, pumzi fupi, masikio yameziba. Halafu ghafla ardhi inakwisha. Bonde la Kerio limelala chini huko, kahawia na ukungu wa joto, wakati wewe juu unatetemeka. Nilikumbuka Irente, Lushoto, unavyosimama ukingoni mwa Usambara ukiitazama nyika ya Mazinde huku mgongoni kuna baridi. Milima hii miwili ingekutana ingeelewana. Yote ina ukungu, majani mabichi mwaka mzima, na ng'ombe wanaotoa maziwa kuliko uwezo wa nyumba kuyanywa.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na vishindo vya miguu. Wanariadha, kundi la watu kama ishirini, wanapita gizani bila kusemezana. Nyuma yao bodaboda yenye makopo ya maziwa ya alumini, naye dereva anapiga honi kuomba njia. Iten watu wanaoamka kabla ya jua ni wa aina mbili, wanaokimbia na wanaokama, na kwenye boma la rafiki yangu mtu mmoja, shemeji yake mdogo, hufanya yote mawili. Anakama ng'ombe watatu, anabadili viatu, anaondoka.

Ng'ombe wapo watano. Wanne ni chotara wa Friesian na Ayrshire, wakubwa, wapole, wamefungiwa bandani na kuletewa mabingobingo yaliyokatwakatwa. Wa tano ni kijike kizee chenye nundu, mwekundu, ambaye hakai bandani wala hataki kuguswa na mtu yeyote isipokuwa mama mkwe wa rafiki yangu. Wajukuu wanamwita bibi huyo Kogo, yaani bibi, na kwa kuwa nyumba nzima inamwita hivyo, nami nikamwita Kogo. Nilimwamkia shikamoo nikainama kidogo. Akamgeukia mkwewe, wakasemezana Kikalenjin, wakacheka. Kwao shikamoo ni kitu cha vitabu vya shule, na hakuna aliyewahi kumwinamia isipokuwa mtu aliyeangusha kitu. Akanifundisha: chamgei. Nikajibu chamgei, nikawa nimesamehewa.

Kogo alizungumza Kiswahili chake mwenyewe, kifupi, kisicho na mapambo. Nilipomuuliza kwa nini anamweka yule ng'ombe mzee anayetoa lita nne kwa siku wakati wenzake wanatoa kumi na tano, alisema, "Hao wengine wanaleta maji mingi. Huyu analeta maziwa."

Na ni kweli. Maziwa ya Friesian yana mafuta kidogo kuliko ya ng'ombe wa asili, na mafuta ndiyo utamu.

Nilifika pale nikidhani nitajifunza namna ya kugandisha maziwa. Siku mbili za mwanzo sikuona hata tone likimiminwa kokote. Nilichoona ni kuosha vibuyu.

Vibuyu vya Kogo ni tisa. Kimoja kina umri mkubwa kuliko mumewe rafiki yangu, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi kama jeraha la hospitali, na ngozi iliyokizunguka imekuwa nyeusi kwa mikono. Kibuyu huitwa sotet. Anakimwagia maji ya moto, anaingiza sosiot, ambayo ni fimbo ya mkindu iliyopondwa ncha ikawa na nyuzi kama brashi, anasugua, anamwaga, anasugua tena. Kisha anatia pua mdomoni mwa kibuyu na kuvuta pumzi. Cha kwanza alichokinusa mbele yangu alikirudisha majini bila kusema neno. Cha pili pia. Mimi nilivinusa vyote viwili, nikaona safi kabisa. Akaniangalia kama mwalimu wa hesabu anavyomwangalia mtoto aliyeandika jibu sahihi la swali jingine.

Vilipokubalika vilianikwa juani, mdomo chini, hadi kesho yake. Ndipo ukaja moto.

Mti wanaoutumia unaitwa senetwet. Ni kichaka tu, kinaota kwenye mipaka ya mashamba, maua yake ya manjano yamesimama wima kama mishumaa, na matumba ya juu ni meusi. Ukiyafikicha majani yana harufu ambayo mimi niliifananisha na karanga zilizoanza kuungua. Kogo alikata vijiti vikavu, akaviweka jikoni mpaka vikawa kaa jekundu, akaliingiza kaa ndani ya kibuyu, na kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake akaanza kulisaga kwa sosiot kwenye kuta za ndani. Moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu. Akazungusha, akasaga, akatia kaa jingine. Mwisho ukuta wote wa ndani ulikuwa umepakwa unga mweusi laini. Akakung'uta uliozidi, akakiacha kipoe.

Hapo ndipo nilipopata kitu ambacho sikukifuata. Harufu ile ya moshi ndani ya chombo ilinirudisha Ngamiani, kwetu Tanga, kwenye ua wa bibi yangu, miaka ambayo jokofu lilikuwa la watu wawili tu mtaani. Bibi alikuwa akiufukiza mtungi wa maji kwa ubani. Anaufunika juu ya chetezo, anauacha unywe moshi, ndipo anatia maji. Tuliyanywa maji yale yakiwa baridi na yana harufu ya Ijumaa. Hakuna aliyetuambia kwamba moshi unaua vijidudu. Bibi alisema tu kwamba chombo kisichofukizwa hakina adabu. Sasa huku, juu ya mlima, kwa watu wasio na desturi ya kufukiza mtungi kwa ubani, nakuta mwanamke mwingine anaamini jambo lile lile. Nilimweleza Kogo. Alisikiliza, kisha akauliza swali la msingi: kwani maji yana nini mpaka yafukizwe? Kwake maji ni maji. Kinachostahili moshi ni maziwa.

Maziwa yenyewe, jioni ile, hayakuwa na kazi kubwa. Yalichemshwa, yakapoa kabisa, yakamiminwa kibuyuni, kifuniko kikafungwa. Zamani hayakuchemshwa, na wakati mwingine yalichanganywa na damu ya ng'ombe iliyotolewa kwa mshale shingoni. Siku hizi damu imeachwa karibu kila mahali. Kibuyu kikalazwa pembeni ya chumba kisichopigwa na jua. Hakuna chachu inayotiwa. Bakteria wamo tayari kwenye vinyweleo vya kibuyu, kizazi juu ya kizazi, ndiyo maana kibuyu kikuukuu kina thamani na kipya ni mzigo. Maziwa yaliyoganda humo huitwa mursik. Siku tatu zatosha kuipata ikiwa changa, lakini Kogo haioni kuwa imeiva mpaka wiki tatu zipite. Kazi yote ilikuwa imefanyika kabla maziwa hayajafika.

Jiko la pili la boma hili liko hatua ishirini kutoka lile la Kogo. Sakafu yake ni vigae vyeupe, ukutani kuna kipimajoto, na mlangoni unavua viatu. Hapa ndipo rafiki yangu anapotengeneza yogati. Anayapasha maziwa hadi nyuzi 85, anayashikilia hapo, kisha anayapooza mpaka 43, anatia chachu ya unga inayokuja kwenye pakiti ndogo kutoka Nairobi, anayafunga kwenye deli kubwa lililozungushiwa blanketi, na baada ya saa tano au sita yameshikana kama pudini. Anatia kwenye vikombe vya plastiki, anabandika karatasi, na bodaboda inapeleka shule mbili na maduka ya mjini. Kuna ya vanila, kuna ya stroberi, kuna nyeupe isiyo na kitu, ambayo hununuliwa na Wazungu wanaokuja Iten kufanya mazoezi.

Nilimtania kwamba anafanya kazi ile ile ya mama mkwe kwa masaa sita badala ya wiki tatu. Alikataa kabisa. "Mimi nauza kitu kinachofanana kila siku," alisema. "Mteja akinunua leo na kesho apate ladha moja. Kogo hawezi kukuahidi hilo, na wala hataki." Ni kweli pia kwamba yogati ya rafiki yangu ndiyo inayolipa ada za watoto. Mursik ya Kogo haiuzwi. Nilipouliza bei, watu wote watatu waliokuwa jikoni walinyamaza, nikaelewa nimekosea.

Siku ya nne yogati iligoma. Lita arobaini zilikaa ndani ya deli saa sita, saa nane, saa kumi, zikabaki maziwa. Rafiki yangu alikagua kipimajoto, akakagua tarehe ya chachu, akatukana kimoyomoyo. Kogo alipita mlangoni, hakuvua viatu, akauliza kitu kimoja: ng'ombe gani alikuwa mgonjwa? Ikajulikana kwamba mmoja wa wale chotara alikuwa amechomwa dawa ya ugonjwa wa kiwele siku iliyotangulia, na kijana aliyekama, akiwaza mbio zake, alichanganya maziwa yake na ya wenzake. Antibiotiki haibagui. Inaua bakteria wanaoleta ugonjwa na inaua wale unaowahitaji. Ndiyo sababu mganga wa mifugo hukuambia umwage maziwa kwa siku kadhaa baada ya sindano, na ndiyo sababu wafugaji wengi, kwetu na kwao, hujifanya hawakusikia. Mnywaji wa chai hawezi kugundua. Anayegandisha hugundua siku hiyo hiyo.

Zilimwagwa lita arobaini. Nilihesabu fedha kichwani, nikaumia kwa niaba yao.

Jioni ile, labda kwa kunipoza mimi kuliko mkwewe, Kogo alifungua kibuyu cha wiki tatu. Alikitikisa kwanza, mikono miwili, kama mtu anayebembeleza, ndipo akamimina. Rangi yake ni nyeupe iliyoingia ubuluu wa kijivu, na punje nyeusi ndogo zinaelea. Palikuwa na ugali, ambao wao huita kimnyet, mgumu wa kukatwa kwa kisu, na mgagani uliochemshwa na kuachwa usiku mzima ndani ya malai mpaka uchungu wake ukalainika. Nikanywa. Kwanza moshi. Kisha ukali unaokuja kwa nyuma ya ulimi na kukaa hapo. Kisha kitu kama mafuta ya karanga. Sikujua kama nimeipenda. Na kwa kuwa mkono una kumbukumbu kuliko kichwa, nikageuka nikaomba sukari.

Kama ningeomba samaki wa kuchanganyia wangeshangaa kidogo kuliko hapo. Mjukuu mmoja alikimbilia nje kucheka. Rafiki yangu alinitetea, akaeleza kwamba Tanga watu hutia sukari hata kwenye mgando, vijiko viwili, vitatu, na Kogo akasema neno moja la Kikalenjin ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Nikaimaliza bila sukari. Bilauri ya pili niliiomba mwenyewe.

Mursik ndiyo inayonyweshwa pande mbili zikikutana kwa posa. Mwanariadha akirudi na medali, kabla hata hajatoka uwanja wa ndege, mama wa kijiji humnyanyulia kibuyu kwenye midomo mbele ya kamera, na Wakenya wote wanaijua picha hiyo. Kogo aliwahi kumnywesha mtu namna hiyo, mtoto wa jirani, aliyeshinda nje. Alichokumbuka si ushindi. Alikumbuka kwamba kibuyu kilikuwa cha mtu mwingine, hakikusuguliwa vizuri, na aliona aibu.

Lipo jambo ambalo lingekuwa ulaghai kuliacha. Magharibi mwa Kenya saratani ya umio imewaua wengi, na watafiti waliopima mursik ya ukanda huo waliwahi kukuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani hiyo. Mursik si mshukiwa pekee. Vipo pombe na tumbaku, na ipo chai inayonywewa ikiwa ya moto wa kuchoma; tangu 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameweka vinywaji vya moto wa nyuzi zaidi ya 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani. Rafiki yangu anayajua haya yote, na watoto wake huwapa yogati zaidi kuliko kibuyu. Kogo akiambiwa hujibu kwamba mama yake alikunywa mpaka akafa kwa uzee. Wote wawili wanaishi boma moja na hawagombani. Mimi nilikunywa, ila chai yao ya asubuhi niliingoja ipoe.

Siku ya kuondoka tulipita sokoni Eldoret. Mursik ipo, kwenye chupa za plastiki zilizowahi kuwa za soda, bei nafuu, punje nyeusi zimo. Nilinunua moja. Ilikuwa mala ya kawaida iliyonyunyiziwa unga wa mkaa. Plastiki haiwezi kupokea kaa la moto, itayeyuka. Kwa hiyo unachopata ni rangi ya moshi bila moshi. Simlaumu muuzaji. Kibuyu kinataka siku mbili za kusugua na mtu mwenye pua, na mjini hakuna anayelipia pua. Ila lingekuwa jambo la uungwana kuiita kwa jina lake.

Kogo alinipa kibuyu. Si kati ya vile tisa, bila shaka; ni kipya, kilichovunwa mwaka huu, chepesi kama ganda la yai, na mbegu zake kavu bado zilikuwa zinacheza ndani. Alinionya kwamba kibuyu kipya ni kichungu, kitaharibu kila utakachotia. Kijaze maji, kiache, mwaga, onja. Rudia. Siku maji yakitoka bila uchungu ndipo utafute moto. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema inategemea kibuyu.

Pale mpakani Namanga ofisa alikitikisa, akasikia mbegu, akaniuliza ni chombo cha muziki? Nikasema ni cha maziwa. Akauliza maziwa yako wapi.

Kiko juu ya kabati langu hapa Tanga, mdomo chini. Senetwet nimeuona Lushoto, kando ya barabara ya Soni, kwa hiyo kuni hazitanisumbua. Maji nimebadilisha mara kumi na moja, na jana bado yalikuwa machungu.